Mlango Unafunguliwa na wa Mwisho

Nilikuwa nimesimama jikoni namenya viazi, redio inasema mambo yake ya barafu barabarani, simu ikalia. Alikuwa rafiki yetu mmoja wa Kikongo. Akaniambia, "Papa, ukae kwanza." Nikavuta kiti, maana mtu hakuambii ukae kwanza ili akupe habari ya harusi. Akanieleza kwamba mama yetu wa matembezi ya jioni ametutoka. Usiku uliopita alikunywa chai yake, akawapigia simu watu wawili watatu kuwakemea kwa uvivu wao kama ilivyokuwa kawaida yake, akalala, na asubuhi hakuamka. Hivyo ndivyo nilivyozipata habari, na hivyo hivyo nawapa ninyi wasomaji wangu mliokuwa bado hamjasikia. Jina lake sitalitaja. Waliomjua hawalihitaji, na wasiomjua nikiwatajia litawapita sikioni tu. Bora niwaambie alivyotembea.

Nimekwisha kulia, msiwe na wasiwasi. Nililia vizuri mpaka viazi vile vikalala havijapikwa. Lakini leo nimeshika kalamu sina kilio. Nina ile hali ya mtu aliyetoka uwanjani timu yake imeshinda, anatembea barabarani anatafuta wa kumsimulia. Kwa hiyo mnisimamie hapo hapo mlipo, kwenye kituo cha basi au kwenye foleni ya duka la vyakula vya kwetu mnakoliokota gazeti hili, niwasimulie. Nitapotea njia kidogo, mnanijua. Mimi shule niliishia darasa la nne, na mwalimu wangu alikuwa akisema insha zangu ni kama mbuzi waliokata kamba. Lakini mbuzi wangu jioni hurudi zizini.

Mama huyu alikuwa Mkenya wa bara, wa kule juu kwenye mashamba ya chai ambako asubuhi unatoka nyumbani umevaa sweta na ukungu unakufuata mpaka shuleni. Huku Amerika alikaa Adelphi, nje kidogo ya Washington, kwenye yale maghorofa ya kupanga karibu na University Boulevard, ambako ukipanda ngazi unapita kwenye mapishi ya nusu ya dunia kabla hujafika mlangoni kwako. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kuwatembeza kwenye korido mpaka dirishani na kurudi. Alikuwa akisema kwamba ukizinyoosha hizo korido zote alizotembea, angekuwa amefika Mombasa zamani, ila yeye alikuwa bado yuko ndani ya nyumba ile ile. Mimi nilifahamiana naye kwa sababu ya maharage. Nilikuwa mpishi maisha yangu yote, nimepika kwenye majiko ya watu wakubwa wa hapa Washington, na siku hiyo nilikuwa nimeombwa nipike harusi ya Watanzania wenzangu. Akaingia jikoni mwanamke simjui, akachovya kijiko kwenye sufuria bila ruhusa, akaonja, akanitazama. "Mzee," akasema, "haya maharage yana haraka." Akatoka. Nilikasirika kwa muda, halafu nikaonja mwenyewe, nikapunguza moto. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Sasa haya matembezi yalianzaje. Katika wazee aliowatunza palikuwa na mzee mmoja Mwingereza, mrefu, amekunjwa na ugonjwa kama karatasi. Mzee huyu kila alipotembezwa kwenye korido alimsimulia mama jambo moja tu. Kwao, ujana wake, kiangazi kikifika, watu wa mtaa walikutana jioni baada ya kazi, wakatembea kwa miguu mashambani, wakapita kwenye vijia na kando ya vijito, wakamalizia kwenye baa ya kijiji, wakakaa nje na glasi zao mpaka jua lizame. Hawakwenda kutafuta kitu. Walitembea tu, kwa kuwa siku ilikuwa imebaki. Mama alipotuletea hadithi hiyo alikuwa haelewi kabisa. Mtu anatembea, haendi sokoni, haendi kisimani, haendi kanisani, halafu mwisho wa safari ni kilabu cha pombe? Na yeye pombe alikuwa haigusi, mtu wa kanisa, kwaya, maombi, kila kitu. Lakini ile habari ya siku iliyobaki ilimwingia, akawa anaizungumza kila mahali.

Na hapo mniruhusu niseme juu ya jua. Ninyi wengine mmeshazoea, mimi mpaka leo jua la kiangazi la huku linanishangaza. Kwetu saa kumi na mbili likifika linakwenda zake, halibembelezwi. Huku mwezi wa sita saa mbili ya usiku bado linaning'inia juu ya magari, kama mgeni anayesema naondoka, naondoka, na kikombe kingine anapokea. Na sisi tulilifanyia nini jua hilo la ziada? Tulifunga mapazia tulale kidogo kabla ya kazi ya pili. Kutoka kwenye gari mpaka kwenye lifti, kutoka kwenye lifti mpaka kwenye kochi, ndiyo miguu yetu ilivyokuwa imebaki. Mama alipoanza kuwaalika watu matembezi, nesi mmoja, binti wa Kenya, alimjibu wazi: "Auntie, mimi nilikuja Amerika ndio niache kutembea." Watu wakacheka sana, maana alikuwa amesema lililo moyoni mwa wengi. Mama akamwacha acheke mpaka amalize, kisha akamwambia, "Nyumbani ulikuwa unatembea ukitafuta. Hapa tutatembea tukiwa tumeshapata. Ni miguu ile ile, lakini utaona haichoki sawasawa." Yule binti alikuja. Alikuja amenuna, lakini alikuja.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho ambacho sitakisahau. Tuliambiwa tunakwenda mashambani, ng'ambo ya mji wa Columbia, wilaya ya Howard, tuyaache magari kwenye uwanja wa kanisa moja dogo, tutembee katikati ya mahindi mpaka kwenye baa ya mawe iliyoko njia panda. Sasa sisi tukisikia kwamba mwisho wa safari tutakutana na watu, tunavaa. Mimi nilivaa koti na tai. Rafiki yetu wa Kikongo, ambaye kwao alikuwa mwalimu na huku anaegesha magari ya watu mjini, alikuja na suti ya rangi ya maziwa na viatu vinavyong'aa hata ungejitazama meno. Dada mmoja wa Unguja alikuja na viatu vya visigino na mwavuli wa jua. Na kwa kuwa mtu wa kwetu haendi kwa watu mikono mitupu, kila mmoja alibeba chakula. Hotipoti za chapati, sufuria ya nyama imefungwa kwa kanga, sambusa kwenye kapu, tunakwenda navyo kwenye baa inayouza chakula! Hakuna aliyeliona hilo. Tuliliona ni adabu. Tulipokuwa katikati ya mahindi, gari la askari wa wilaya likapunguza mwendo pembeni yetu. Alikuwa kijana mpole. Akatazama suti, akatazama masufuria, akauliza kwa upole kama basi letu limeharibika. Mama akamwambia hapana, tunatembea. Akauliza tunakwenda wapi. Akamtajia baa. Yule askari akafikiri kidogo, akasema baa hiyo inafikika kwa gari, tena pana maegesho mazuri. Mama akamjibu kwamba anajua, lakini jioni ni nzuri. Askari akainua macho akatazama jioni, nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aingie zamu, akakubali kwamba ndiyo, ni nzuri, akaenda zake.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo palipo kiini. Manesi vijana wa kundi letu miguu yao ni myepesi, walitangulia. Mimi nina goti la kulia ambalo lina mawazo yake, nikawa wa mwisho, na mama akabaki nami, anapunguza mwendo bila kunionyesha kwamba anapunguza. Tulipofika karibu na ile baa, hatukuona mtu nje. Wote walikuwa wamekwisha kuingia, wamekaa, wameagiza, wengine wanatafuna. Mama akaniambia nisimame pale pale njiani. Akaenda mlangoni, akachungulia, akasema maneno ambayo sisi wote tunayajua kwa moyo: "Tokeni nje. Wote. Bado hatujafika." Na wakatoka, na sahani mikononi. Mwenye baa, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na mikanda ya suruali mabegani, alitoka mbio nyuma yao akiuliza kama kuna moto. Mama akamweleza hakuna moto, kuna mtu wetu bado yuko njiani. Nikafika, nina aibu zangu, natweta. Wakanipisha. Mama akanionyesha kitasa, kitasa cha shaba cha duara, kimechakaa kwa mikono ya watu. "Fungua, Mzee," akasema. "Matembezi yanaisha akifika wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayefungua." Nikafungua, wakaingia nyuma yangu kama nimewaalika kwangu.

Hiyo ikawa sheria. Hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeivunja. Walio wepesi walifika wakasimama kibarazani, wakazungumza, wakatazama mbu, wakangoja. Na kwa kuwa goti langu halikupona, kazi ya mlango ikawa yangu karibu kila jioni. Mwenye baa naye alizoea. Ile siku ya kwanza alitaka kutuambia kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi ndani, sheria ya afya, akakohoa, akazunguka, na mama akadhani mtu huyu ana njaa, akamwekea chapati mkononi na nyama juu yake. Alipomaliza alitangaza kwamba sheria ya afya inahusu ndani tu, kibarazani haimo. Akatutolea meza. Wanaokunywa bia walikunywa, wasiokunywa tulipewa soda ya tangawizi, na wateja wake wa siku zote, wakulima na mafundi wa magari, wakaanza kuja jioni zetu wakijifanya wamepita tu.

Hapo lazima niwape na kisa cha mchungaji, mama mwenyewe angenigombeza nikikiruka. Kurudi kwenye magari tulikuwa tunafuatwa na basi dogo la kanisa lake, analiendesha mwana kwaya mmoja anayechelewa kutoka kazini. Basi dogo limeandikwa jina la kanisa ubavuni, herufi kubwa, limeegeshwa nje ya baa. Habari zikasafiri, mnazijua habari zetu zinavyosafiri, na jioni moja mchungaji akatokea yeye mwenyewe, uso umekunjamana. Akamwita mama pembeni ya kibaraza, lakini sauti yake imezoea mimbari, tukasikia wote. "Mama," akasema, "gari la Bwana limeegeshwa kilabuni." Mama akaitikia ndiyo Pasta, limeegeshwa vizuri, hata taa zimezimwa. Kisha akamuuliza kwa heshima zote, "Na wewe Pasta, ulikuwa unapita huku kwenda wapi?" Kibaraza chote kikageuka kutazama mahindi, watu wanauma midomo. Mchungaji alikuwa na busara, akacheka wa kwanza. Akapewa sambusa. Wiki iliyofuata alikuja na viatu vya raba, na nasema kwa furaha kwamba alikuwa anapumua vibaya kuliko mimi, akanipokonya kazi ya mlango jioni mbili tatu.

Yule mzee Mwingereza mama alikuwa akimpelekea habari zote asubuhi yake. Alitaka kujua tulipita wapi, mahindi yamefika kimo gani, nani alifungua. Alifariki mwisho wa kiangazi kile cha kwanza. Mama aliniambia kwamba siku zake za mwisho alikuwa akiuliza, "Wamefika wote?" na yeye akimjibu, "Wote."

Halafu ukaja msimu wa baridi ambao mama alipata kiharusi. Kilimpiga upande wa kushoto, mkono na mguu. Maneno yalirudi mapema, na makali yale yale, lakini mguu ulikawia. Binti yake wa pekee akaja kutoka Minnesota. Ni binti mzuri, kasoma, ana kazi ya maana, kalelewa huku tangu mdogo, Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Alipoona ngazi za yale maghorofa, na mama yake anaishi peke yake, akaamua kumhamishia kwake. Na nani angemlaumu? Alikuwa mtoto anayeogopa kupigiwa simu akiwa mbali. Lakini mama kule Minnesota hakuwa na mtu zaidi ya binti na theluji. Mchana kutwa angekaa dirishani akingoja mtu arudi kutoka kazini. Alikuwa anawajua watu wa dirishani, ndio waliokuwa kazi yake. Wakavutana kwa wiki nyingi, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza. Mwisho wakafikia mapatano, na mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka supu. Mama alisema: kiangazi hiki nitatembea ile njia yetu yote kwa miguu yangu, bila kushikwa, mpaka mlangoni. Nikifika, nabaki hapa na watu wangu. Nisipofika, nitafunga masanduku na hutanisikia nikilalamika. Binti akatazama ule mguu, nao ulikuwa unaburuzika kama gunia, akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu aliona limekwisha.

Basi sisi tukaanza kumtembeza yeye aliyekuwa akitembeza watu. Korido ya ghorofa yake ikawa mashamba. Majirani, watu wa El Salvador na Naijeria ambao hata hatukuwa tunajuana kwa jina, wakaweka viti nje ya milango yao ili akichoka akae. Rafiki yetu wa Kikongo alikuwa akitoka kuegesha magari anakuja na sare yake, anatembea kinyumenyume mbele ya mama, mikono ameikunjua lakini hamgusi, anamwambia, "Mama, kuya polepole, mi niko." Yule nesi aliyekuja Amerika aache kutembea, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote; alimhesabia pumzi na kumkatalia viti. Mimi kazi yangu ilikuwa supu na umbea. Mguu ukaanza kusikia. Kwanza ulinyanyuka kidogo, halafu ukajifunza kutua.

Jioni yenyewe ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mama aliisogeza mbele mara kadhaa mpaka binti akasema ama sasa ama hapana. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa magharibi. Wepesi wakatangulia kama sheria inavyotaka, mama mwenyewe aliwafukuza, hakutaka kutembea katikati ya watu kama maiti, ndivyo alivyosema. Mimi nikabaki naye. Yeye na fimbo, mimi na mwavuli na goti langu. Nyuma yetu binti alikuwa akiendesha gari kwa mwendo wa konokono, taa zote za tahadhari zinawakawaka, tayari kumpakia. Tukaenda, tukapumzika kwenye uzio, tukaenda. Mama akavumilia zile taa mpaka kwenye kona ya ghala jekundu, akageuka. "Zima hilo gari," akamwambia binti. "Watu watadhani tunazika." Alivyogeuka mguu ukamsaliti, akayumba, akashika uzio. Binti akaruka nje ya gari, na mimi nikanyoosha mkono. Mama akatutazama sote wawili kama vile alivyonitazama siku ya maharage. "Asinishike mtu," akasema. Akasimama palepale, anahema, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza niliona ameogopa. Nilifikiri juu ya dirisha la Minnesota. Nadhani na yeye alikuwa akilifikiria. Halafu fimbo ikaenda mbele, mguu mzuri ukaenda, na ule mbaya ukafuata. Binti akabaki amesimama kidogo, kisha akalizima gari, akaliacha kando ya njia, akaja nyuma yetu kwa miguu.

Mvua ikatukuta tukiwa tumeliona paa la baa. Mvua ya kiangazi, matone makubwa kama njugu. Nikafungua mwavuli nikamkinga nao, akausukuma kando, unamzuia kuona mlango. Na pale kibarazani mambo yalikuwa haya: kibaraza ni kidogo, watu ni wengi kuliko siku zote, nusu yao wamesimama kwenye mvua, suti ya rangi ya maziwa imekuwa ya rangi ya udongo, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Mwenye baa alikuwa akiwasihi waingie, wataugua. Dada wa Unguja akamwambia kwamba bado hatujafika. Mwenye baa akatazama njiani, akatuona tunavyokuja, hatua kwa hatua. Akatoka nje. Wateja wake wakamfuata na glasi zao mkononi, mvua inawaongezea kinywaji. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua kinajaa: akageuka, akaufunga mlango wa baa yake mwenyewe, akasogea kando akangoja.

Nikamwambia mama, hapa nakupita, uniwie radhi, nisije nikawa wa mwisho mimi. Akacheka, meno yanagongana kwa uchovu. "Pita, Mzee. Leo umefutwa kazi." Nikapita. Watu wakafungua njia. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyemtia moyo kwa sauti, tulijua angetugombeza. Akapanda ngazi ya kibaraza, ngazi ile fupi ambayo mimi nimeipanda mara ngapi bila kuiona. Akafika kwenye kitasa. Sasa mkono wake mzima ndio ulioshika fimbo, na ule wa kushoto haukuwa na nguvu za kuzungusha shaba. Alisimama akilitazama tatizo hilo. Binti yake akasogea nyuma yake, akanyoosha mkono, na mimi nikadhani anataka kumfungulia. Hakumfungulia. Aliipokea fimbo. Mama akabaki amesimama kwa miguu yake miwili, hana kitu, akazungusha kitasa, akausukuma mlango kwa bega.

Ndipo yule binti, ambaye miaka yote sijamsikia akimjibu mama yake ila kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili cha utotoni, taratibu, anakitafuta: "Basi, Mama. Baki na watu wako."

Mama akageukia kibaraza kizima, maji yanamtiririka usoni, akasema, "Ingieni basi, mnangoja nini, chakula kinapoa." Na tukaingia, jamani. Tuliingia tukiimba, Wakristo na Waislamu na wakulima wa wilaya ya Howard, mchungaji anatoa sauti ya tatu, na mwenye baa siku hiyo akasahau sheria ya afya, hotipoti zikapanda juu ya kaunta. Nimepika karamu za watu wenye vyeo, nimeona mishumaa na vijiko vya fedha. Sijawahi kuona karamu kama ile.

Akabaki. Akatembea nasi kiangazi chote kilichofuata, wa mwisho kila jioni, akanipokonya ile kazi yangu moja kwa moja. Binti akawa anakuja kila alipopata likizo, na kila alipokuja alitembea.

Sasa nirudi kwenye ile simu na viazi. Ibada ya kumuaga kabla hajasafirishwa kwenda kwao ilikuwa asubuhi, katika kanisa lake, baridi inakata masikio. Mimi nakaa Temple Hills, na kutoka huko mpaka Adelphi kwa mtu asiye na gari ni treni na basi na kungoja. Nikachelewa. Nilipokunja kona nikaona watu wamejaa nje ya kanisa, makoti meusi, mvuke unawatoka midomoni. Nikadhani mlango umefungwa, au kuna hitilafu. Yule bwana wa kampuni ya mazishi alikuwa akipita kati yao akiwaambia ndani kuna joto, tafadhali ingieni, na watu wanamshukuru na hawaendi. Nikasogea, goti linanichapa. Wakaanza kunipisha, mmoja mmoja. Mchungaji alikuwepo. Mwenye baa alikuwepo, amevaa tai, ndevu amezichana. Nikamwuliza rafiki yetu wa Kikongo tunamngoja nani, jeneza bado halijaletwa? "Mama eko ndani tangu asubuhi, Papa," akaniambia. "Leo yeye ametangulia. Ni wewe tu tulikuwa tunangoja." Binti yake alikuwa amesimama kando ya mlango na ile fimbo mkononi. Akanionyesha kitasa. "Fungua, Mzee," akasema, kwa sauti ya mama yake kabisa.

Nikafungua.

Mimi si mtu wa mahubiri, hayo nawaachia wenye kazi yao. Lakini nchi hii sisi wote tulifika kwa nyakati tofauti. Wako waliofika mapema, wakakaa, wakaagiza, na sasa wanatafuna na migongo wameuelekezea mlango. Nami nawaona, na pengine mmoja wao ndiye anayesoma hapa. Mama huyu hakuwa na cheo wala hotuba. Alituambia tu tutoke nje tusimame, kwa sababu bado hatujafika, na tukatii, na tukawa watu. Basi kiangazi kikirudi na jua likikataa kuondoka, vaeni viatu mje. Nyie wenye miguu myepesi tangulieni, ni haki yenu. Ila mkifika mngoje kibarazani. Yuko mtu bado anakuja nyuma, na mlango ni wake.